Bingwa Mbele ya Zebra

Kwenye foleni ya mtihani wa leseni Nakuru, msichana wa Elburgon aliniambia ameshinda mbio za vigari vidogo vya karti, kisha za magari ya mashindano ya kiti kimoja. Msimu ujao anapanda daraja tena. Lakini akifeli leo, babake hampi hata pikapu ya kupeleka maziwa.

Mtahini alimpa kigari cha plastiki akiendeshe kwenye ubao uliochorwa barabara.

"Hapa si mashindano, madam."

Akakisukuma polepole, bega likiinama kila kona. Kwenye zebra, kivuko cha waendao kwa miguu, akasimama, macho yakiwa mbali.

"Unangoja nini?"

"Watoto wavuke, mzee."

Mtahini akaitazama ile zebra tupu. "Haya, wamevuka," akasema, akiweka tiki.

Zamu yangu ilipofika, nami niliwangoja.