Kifundo Chini ya Ngozi

Enzi zetu mtoto alikuwa na masikio ya kusikia na mdomo wa kulia chakula, basi. Wakubwa wakizungumza ulinyamaza, na ukiulizwa ulijibu kile walichotaka kukisikia. Siku hizi mjukuu wangu Mutheu, wa miaka kumi na mmoja, ananirekebisha mbele ya wageni kisha anarudi kwenye simu yake kana kwamba hajasema kitu. Nyinyi mliokua nami kule mtaa wa Ziwani, Nairobi, mnajua ningefanywa nini mimi ningethubutu.

Mnazikumbuka zile nyumba zetu za kanjo, yaani baraza la jiji, kuta zimeshikana hivi kwamba jirani akikohoa unampa pole ukiwa kitandani? Mnayakumbuka maziwa ya shule, yale ya pakiti ya pembe tatu, tuliyoyatoboa kwa meno na kurushiana matone ya mwisho? Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka mama zetu wakaita majina yetu yote mawili, ishara kwamba kiboko kiko karibu. Wasichana tuliruka blada ya mipira ya baiskeli iliyokatwa na kuungwa mafundo. Wavulana walitengeneza pinde kwa nyaya za miavuli, wakateremka mpaka bonde la Mathare kuwinda ndege, wakarudi na matope na visingizio. Jumapili baada ya kanisa nyumba yetu ilinukia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yanayochemka na maharagwe tangu asubuhi. Naikumbuka harufu ile kuliko ninavyokumbuka mahubiri.

Baba alikuwa mlinzi katika ghala moja la vitambaa karibu na soko la Kariokor. Miaka ile walinzi wengi wa kutoka Ukambani hawakupewa silaha na tajiri. Kila mmoja alikuja kazini na upinde wake. Wezi waliogopa mishale yao kuliko mbwa. Mimi nilipewa jina la nyanya mzaa baba, kwa hiyo baba hakuniita Mueni hata siku moja. Aliniita Mwaitu, yaani mama yetu, hata aliponituma chumvi dukani. Nilipenda sana kuitwa hivyo. Nilijiona mtu mkubwa.

Mwaka niliokuwa darasa la sita, upinde wa baba, aliourithi kwa babu, ulipasuka. Tajiri akasema hataki kumwona mlinzi mikono mitupu. Mwisho wa mwezi baba awe na upinde mwingine au aache kazi.

Upinde alioutaka ulikuwepo. Mzee mmoja wa Kitui, Mzee Kilonzo, alikuja Nairobi kila mwezi na pinde zilizofungwa kwa gunia, akaziuza kwa walinzi. Kati ya hizo kulikuwa na mmoja wa kuwindia, mti wa mkole uliokaushwa miaka miwili juu ya moshi wa jikoni, kamba yake ya kano za ng'ombe. Mzee alipofika, baba alienda kuushika tu. Aliuvuta mpaka sikioni kisha akairudisha kamba polepole, maana upinde ukiachiwa bila mshale huumia. Baba hakuwahi kuwinda. Uwindaji ulikuwa umeshapigwa marufuku na yeye alikuja mjini angali kijana, kwa hiyo mambo ya pinde aliyajua zaidi kwa masimulizi ya babu. Lakini alituambia kwamba siku akistaafu atatembea nao vichakani kule nyumbani, hata kama hatafuma kitu. Akisema hivyo alikuwa na sura ya mtoto. Bei yake ilikuwa mshahara wa mwezi na zaidi.

Mimi nami nilikuwa na haja yangu. Kwaya ya shule ilikuwa ikienda mashindano, na mwalimu alisema asiye na viatu vyeusi vya ngozi atabaki. Mimi nilivaa akala, zile ndara za matairi za Kariokor, na wenzangu walikuwa wakiniuliza kama nimejaza upepo. Baba alituketisha mimi na mama, akasema wazi: akichukua upinde wa Mzee Kilonzo, viatu vitangoja mwaka ujao. Mama alitazama sakafu. Mimi nililia chini ya blanketi, kwa sauti ya kutosha ili baba asikie. Mnisamehe, nilikuwa mtoto.

Pale Kariokor alikuwepo mchongaji jirani yetu, Fundi Nzioka. Baada ya shule nilienda kwake kupiga msasa twiga na vinyago, naye alinipa mandazi na sarafu ya Jumapili. Nzioka alichonga pia pinde za watalii. Alitumia mjakaranda, ile miti ya barabarani iliyokatwa na kanjo, mti mweupe, mwororo, usiosumbua patasi. Tuliupitisha kwenye moshi, tukaupaka rangi ya viatu, nyeusi na kahawia, tukausugua kwa kitambaa mpaka ukafanana na mti wa miaka mia. Hatukuona dhambi. Mtalii havuti upinde, anautundika ukutani. Mmoja wa pinde hizo ulikuwa na kifundo, alama ya tawi inayodhoofisha mti, katikati kabisa, mahali pa kushikia, na Nzioka akanipa ukanda wa ngozi nikizungushie. Nilikizungushia vizuri. Nikaweka na shanga.

Jumamosi moja baba akaja kibandani. Alikuwa ameambiwa kwamba Nzioka anauza pinde kwa nusu ya bei ya Mzee Kilonzo. Akaushika ule wenye ngozi, akauvuta mara mbili, ukakubali. Nzioka akamwambia ni mkole wa kwao Mwingi, umekauka barabara, na kwamba anamfanyia bei ya jirani. Baba akaugeuzageuza. Nadhani uzito wake ulimtia shaka, maana alisimama kitambo kirefu, kisha akanitazama nilipokuwa nimechuchumaa na msasa mkononi.

"Mwaitu, wewe ndiye unayeshinda hapa," akasema. "Huu ni mkole?"

Nzioka hakunikonyeza wala hakunitisha. Aliendelea kufagia mabaki ya mbao. Hatua chache kutoka pale kulikuwa na kibanda cha viatu, na jozi nyeusi ya saizi yangu ilikuwa imening'inia kwa kamba zake. Nilikuwa nikiitazama kila siku kwa wiki tatu.

"Ni mkole, baba."

Akatabasamu. Alilipa, akaweka upinde begani, akanishika mkono tukaenda kununua viatu. Njiani mpaka Ziwani hakuacha kuongea. Mimi nilibeba viatu kifuani.

Tulienda mashindano, tukawa wa tatu. Kila jioni baba alipotoka kwenda kazini nilijiambia nitamwambia kesho. Kesho ilipofika niliona viatu vyangu mlangoni nikanyamaza. Nilimwomba Mungu wezi wasije, nikaona hiyo inatosha.

Walikuja mwezi wa pili tangu aununue. Asubuhi wenzake wawili walimleta amefungwa shuka kichwani, njiani kuelekea hospitali, ili mama amwone kwanza. Walitueleza kwamba aliuvuta upinde na ukakatika hapo hapo mkononi, palipofungwa ngozi, na kibanzi kikamwingia jicho la kushoto. Wezi wakampiga na kuchukua walichotaka. Hospitalini walimwokoa yeye, jicho hawakuliweza. Tajiri akamshukuru na kumwambia apumzike, na sote tulijua maana ya neno hilo. Mama akaanza kuuza sukumawiki kando ya barabara. Viatu vile nilivivaa mpaka vidole vikatokeza, kwa sababu hapakuwa na vingine.

Aliporudi nyumbani baba aliomba aletewe upinde. Ngozi ilikuwa imefunguka. Ndani mti ulikuwa mweupe kama mkate, na kifundo kilikuwa pale, cheusi, duara kama shilingi. Alivipakata vipande vyote viwili, akapitisha kidole gumba juu ya kile kifundo, akarudia, na mimi nilikuwa nimesimama karibu na jiko. Jicho moja lilitosha kabisa kuona kilichokuwepo. Majirani wakaingia kumpa pole, Nzioka akiwa kati yao ameinamisha kichwa. Mmoja akauliza ilikuwaje upinde mpya ukatike.

"Mkole wa siku hizi si kama wa zamani," baba akasema.

Watu wakaitikia, wakaanza kusimulia miti ya kwao na mvua za enzi hizo. Walipoondoka aliniita. Akaniambia nisirudi tena kwa Nzioka, nisome. Mwisho wa mwezi Mzee Kilonzo alikuja mpaka mlangoni na upinde wake, kwa vile alikuwa amesikia. Baba aliuvuta mpaka sikioni, akauelekeza dirishani kwa jicho lililobaki, kisha akairudisha kamba polepole na kunipa mimi nimrudishie mzee. Sijawahi kubeba kitu kizito kama kile.

Aliishi miaka kumi na minane baada ya hapo. Kila mgeni alipouliza habari ya jicho alijibu maneno yale yale, mkole wa siku hizi, na kila mara aliyasema mimi nikiwepo. Hata wiki ya mwisho alimwambia muuguzi hivyo. Nilikuwa nimeshika mkono wake. Nilikuwa na miaka thelathini, mama wa watoto wawili, na bado sikufungua mdomo.

Juzi shule ya Mutheu ilitaka upinde kwa ajili ya mchezo wa kuigiza, tukaenda naye kutafuta sokoni. Muuzaji akatutolea mbili. Mmoja wa bei kali, haujapakwa kitu, umepinda kidogo upande mmoja. Mwingine wa bei nafuu, unang'aa, una shanga, na katikati umezungushiwa ngozi. Akaapa kwamba zote ni mkole. Kabla sijasema neno Mutheu alikuwa ameshaukwaruza ule wa pili kwa ukucha.

"Shosho, hii ni feki," akasema kwa sauti iliyogeuza vichwa vya vibanda vitatu. "Wamepaka tu rangi. Cheki hapa."

Muuzaji akaniambia watoto wa siku hizi hawana adabu. Ni kweli, hawana, na nimelisema hilo mara nyingi nikiwa nanyi, tukinywa chai na kusifu malezi yetu. Lakini siku hiyo nililipa ule wa bei kali kwa mchezo wa dakika kumi, na nikashindwa kuhesabu chenji kwa machozi. Njiani Mutheu aliniuliza ninalilia nini. Nikamsimulia yote, upinde, kifundo, mashindano ya kwaya. Alisikiliza bila kugusa simu, kisha akaniuliza kwa nini sikusema.

Nilitaka kumwambia kwamba enzi zetu mtoto hakuingilia mambo ya wakubwa. Ndivyo nimekuwa nikijiambia miaka yote hii. Lakini baba aliniuliza mwenyewe, tena kwa upole, akiniita mama yake.

"Nilitaka viatu," nikamwambia.