Vidonge Nilivyovificha Mbele ya Mama Mkwe

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi niliyomdanganya daktari wa meno nikaharibu taya langu mwenyewe. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, mshonaji hapa Nengo, nimebakiza miezi miwili niolewe. Nilikuwa mwembamba, na wenzangu sokoni walinitania bila huruma kuhusu vazi langu la harusi: "We utavaa mushanana, ama mushanana itakuvaa?" Basi nikavuka mpaka wa nchi hadi Goma nikanunua vidonge vya kunenepesha. Mashavu yakajaa haraka, nami nikajiona malkia. Ujana ule, usinicheke sana.

Kisha gego la mwisho likaanza kuniuma. Aliyenisindikiza kwenda kulitoa ni mama mkwe wangu mtarajiwa, mtu mpole, akaingia na kuketi kando yangu. Daktari akauliza, "Iko dawa yoyote unakunywa?"

Nikaona aibu mbele ya yule mama. "Hapana, docteur."

Akapasua ufizi, akakata mfupa kidogo, akang'oa. Nami nikaendelea kumeza vidonge vyangu. Wiki ya tatu shimo lilikuwa bado wazi, linatoa usaha, mfupa unaonekana. Niliogopa, nikalia kama mtoto. Tuliporudi kwa daktari na yule mama, nilivitoa vile vidonge kwenye pochi nikaviweka mezani. Akaeleza kwamba vinapunguza nguvu ya mwili ya kupigana na vijidudu na kuchelewesha mfupa kujijenga. Hakuniruhusu kuviacha ghafla, kwani hilo nalo ni hatari. Alinipunguzia kidogo kidogo. Ilibidi anipasue tena, akwangue mfupa uliokufa, na meno mawili ya jirani yakaondoka. Harusi ikasogezwa mbele.

Mama mkwe hakunigombeza. Alinishika mkono akasema, "Mutoto yangu, ungeniambia tu nitoke inje. Ningetoka."

Maneno hayo yaliniuma kuliko sindano.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hawajagusa taya lako, taja kila dawa unayotumia: ya kuimarisha mifupa, ya pumu, ya maumivu, hata uliyoinunua kwa siri. Uliyoandikiwa usiiache kwa uamuzi wako. Hiyo ni kazi ya daktari. Na kama kuna mtu unayemwonea aibu mle ndani, mwombe atoke kwanza. Mungu akulinde, kidonda chako kipone vizuri, na mahindi ya kuchoma uyatafune pande zote mbili, maana mimi tangu wakati ule nayaangalia tu.