Nyota Inayouliza Jina la Mama

Mimi ninazo nyota tatu, na zote nimezibishia hodi mwenyewe. Ya kwanza niliipata kwenye simu nilipokuwa nikisoma chuoni Kyambogo. Unaandika tarehe ya kuzaliwa tu, unaambiwa wewe ni Mizani, unapenda haki na nguo nzuri. Wenzangu bwenini waliiamini mno. Mimi niliiona porojo. Nyota gani hiyo inayonijua bila hata kuuliza mimi ni mtoto wa nani?

Kwetu Nateete, katika ukoo wa Waswahili waliofuata biashara huku tangu enzi za babu wa babu, falaki, elimu yetu ya nyota, huanza na swali hilo. Huulizwi umezaliwa lini. Unatoa jina lako na jina la mama aliyekuzaa, kila herufi inapewa thamani yake ya Kiarabu, thamani zinajumlishwa na kugawanywa kwa kumi na mbili, idadi ya buruji, yaani makundi ya nyota, na kinachobaki ndicho kinachoonyesha nyota yako. Baba hatajwi. Wazee husema mama hana shaka.

Kwangu shaka ilikuwepo. Mama aliyenizaa alifariki siku ileile niliyozaliwa, nikalelewa na mdogo wake, ambaye hakukubali hata siku moja nimwite mama tupu. "Mama yako yupo kaburini anasubiri dua zako," alizoea kuniambia. "Mimi ni Mama Mdogo." Alinipa kila kitu akaninyima neno hilo moja, na liliniuma tangu utotoni.

Nilipopata mchumba, kijana wa Kinubi muuza vipuri vya pikipiki, Mama Mdogo alifurahi hadi akaanza kuzungumzia vitambaa vya harusi. Lakini kwetu posa haijibiwi bila falaki, kwa hiyo tukaenda kwa jirani yetu, mwalimu wa madrasa. Mama Mdogo akataja jina la marehemu dada yake, kisha la mama wa kijana. Mwalimu akajumlisha, akagawanya, kisha akashika ndevu.

"Binti ni Simba, nyota ya moto. Kijana ni Nge, nyota ya maji. Hawa watazimana."

Mama Mdogo akashukuru, tukaondoka. Tulipofika nyumbani akaamua kwamba posa irudishwe. "Wewe ni amana ya dada yangu," alisema. "Siwezi kuipeleka mahali palipokatazwa kwa jina lake."

Nilikasirika sana. Falaki siidharau, naiheshimu kuliko simu, lakini mimi si mtu wa kukubali hukumu ya hakimu mmoja. Kule sokoni Kikuubo, kwenye duka la Wahindi tunakonunua vitambaa, kuna bibi kizee, mama yake mwenye duka, anayesoma nyota kwa elimu ya kwao. Nikamwambia Mama Mdogo kwamba nakwenda kukata rufaa. Akaguna, lakini akanifuata.

Bibi akatuketisha juu ya majora ya vitambaa. "Mimi jina ya mama hapana taka," akaniambia. "Mimi nataka saa. Wewe nazaliwa saa ngapi? Ile saa, mwezi alikuwa wapi juu?"

Kwao mwezi ndio unaomweleza mtu kuliko jua, na mwezi hauna subira. Ukikosea saa, unaweza kuondoka na nyota ya mwenzako. Mimi saa yangu sikuijua, kwani cheti changu kina tarehe tu.

"Alasiri," akasema Mama Mdogo nyuma yangu. "Adhana ilikuwa inaanza. Muuguzi alitaka kukulaza kwenye kitanda kidogo, dada akakataa. Akakuweka mikononi mwangu. Akasema, 'Chukua mwanao.'"

Nikageuka. Habari hiyo sikuwahi kuisikia.

"Alisema mwanao?"

"Alikuwa na homa kali. Nilidhani anaweweseka."

"Banange, jamani, Mama Mdogo! Mwenyewe alishakukabidhi, na wewe miaka yote unanirudisha kaburini?"

Nilisema kwa sauti kubwa, wateja wakatazama, nami sikujali. Nilikuwa nalia na nimekasirika kwa pamoja. Bibi akachora mraba wake, akaukata kwa mistari, akasema mwezi wangu ni mzuri ila nina kichwa kigumu. Hilo hata simu ingeweza kuniambia.

Mama Mdogo hakununua kitambaa siku hiyo. Tuliporudi Nateete alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu.

"Piga tena," akasema. Halafu, palipotakiwa jina la mama, akataja jina lake mwenyewe, kwa sauti iliyowafikia watoto waliokuwa wakisoma barazani.

"Falaki hutaka aliyezaa," mwalimu akamkumbusha.

"Aliyezaa alinikabidhi. Piga."

Akapiga. Nyota yangu ikatoka kwenye Simba ikaingia kwenye Mshale. Buruji ninazijua, na Mshale nao ni moto.

"Dada yangu," mwalimu akasema taratibu, "bado ni moto na maji."

Nilisubiri Mama Mdogo atamke tena kwamba posa irudishwe. Yeye akaifunga upya leso yake kiunoni.

"Vikikutana jikoni kwangu huwa ni chai," akasema. "Mwanangu ataolewa."

Tukatoka. Mlangoni nikamwambia, "Twende nyumbani, Mama," akaitika bila kunisahihisha.