Kamba Fupi ya Boya

Hedley Mewse wa Lowestoft, mji wa bandari huko Uingereza, alikuwa mtu wa maboya tangu ujana. Kabla ya vita alivua heringi, na kazi aliyoipenda kupita zote ilikuwa kutupa boya: pipa dogo lenye mlingoti na kibendera, kamba ndefu, na uzito chini, kuonyesha nyavu zilipo. Unaliacha, unakwenda kunywa chai, ukirudi unalikuta. Alikuwa akisema hakuna kitu duniani kinachokungoja kwa subira kama boya, na mkewe alikuwa akinuna akisikia hivyo. Mke mwenyewe alifariki mapema, lakini hayo si ya hapa.

Vita vilipokuja, jeshi la majini lilichukua meli za uvuvi pamoja na wavuvi wake, likawapa kazi ya kufagia mabomu yaliyotegwa majini. Jabez Utting, mume wa dada yake Thirza, alipangiwa meli ya mbele, iliyoburuta waya wa kukata mabomu. Hedley alipangiwa meli iliyofuata nyuma, ikitupa maboya kuonyesha njia iliyokwisha kusafishwa.

"Sisi tunafagia, nyie mnakuja kupanga maua," Jabez alimtania gatini, siku moja kabla ya kuvuka kwenda pwani ya Normandi, Ufaransa.

"Nenda kafagie, shemeji. Usipoangalia na wewe nitakupangia."

Wakacheka, wakagawana sigara moja.

Siku hiyohiyo ikaja amri: kamba za maboya zifupishwe, boya lisiyumbe, njia isipinde. Hedley alizikata mwenyewe kwa kisu chake, moja moja, huku akinung'unika.

"Mkondo ukishika kasi yatazama haya, nahodha."

"Yatazama, kisha yataibuka," alijibu Nahodha Crisp, mzee aliyevua naye miaka minane. "Heri lizame mahali pake kuliko lielee mahali pengine. Nyuma yetu kuna maelfu ya askari vijana, Hedley."

Kesho yake jioni, jua bado liko juu, meli ya akina Jabez ikagonga bomu. Ilikatika kama mkate. Dakika chache tu, yakabaki mafuta na mbao na vichwa vya watu wawili watatu. Kimoja kilikuwa cha Jabez, karibu kabisa na boya ambalo Hedley alikuwa ametoka kulitupa.

"Hatusimami," alisema Nahodha Crisp. Hakumtazama mtu.

Mvuvi hampiti mtu majini. Huko kwao anayefanya hivyo hapati tena wa kuketi naye. Lakini amri ilikuwa kutosimama hata kwa ndugu, kwa sababu ukisimama unaiziba njia, na msafara wote uko nyuma yako. Hedley aliegemea ukingo wa meli. Ile hekima ya miaka yote ya heringi ndiyo iliyomjia mdomoni.

"Jabez! Jifunge kwenye boya! Tutarudi!"

Jabez aliinua mkono mmoja. Akavua mkanda wake, akaanza kujifunga. Hedley akamwona, akafurahi, akasema moyoni: amepona.

Walikuwa wameshatupa maboya mengine matatu alipokumbuka kamba.

Walirudi alfajiri, mkondo umetulia. Boya lilikuwa linaelea mahali pake. Kibendera kilikuwa kimelowa chapachapa, na mwani umejisokota juu kabisa ya mlingoti. Hedley hakuhitaji kusogea zaidi ili ajue. Jabez alikuwa bado kwenye mkanda wake. Walimzika palepale baharini, Nahodha Crisp akasoma sala, meli ikaendelea na kazi.

Thirza aliandikiwa tu kwamba mumewe amefia baharini. Hedley aliporudi, dada yake alimuuliza swali moja: "Ulimwona?" Akajibu hapana. Na kila Jumapili, miaka kumi na tisa, alikwenda kula heringi jikoni kwa Thirza, swali lile likikaa mezani kama chumvi. Usingizi wake ulikuwa wa kukatikakatika. Boya hakuligusa tena. Alipata kazi kwenye kiwanda cha kukausha samaki.

Jumapili moja, Thirza akiwa anakaanga, Hedley alisema, "Nilimwona."

Thirza hakugeuka. Alikuwa fundi wa kushona nyavu tangu msichana. Kamba alizijua kuliko wanaume wengi.

"Alikuwa hai?"

"Hai. Nilimwambia ajifunge kwenye boya."

"Kamba ndefu?"

"Fupi."

Mafuta yalichemka kwenye kikaango.

"Nani aliifupisha?"

"Mimi. Ilikuwa amri. Lakini nilijua, dada. Nilijua, nikasahau."

Thirza aligeuza samaki mmoja, kisha wa pili.

"Jabez hakuwahi kumsikiliza mtu," alisema. "Mama yake, mimi, kasisi. Maisha yake yote. Siku hiyo akakusikiliza wewe."

Alizima jiko. Aliweka sahani moja tu mezani, kisha akaitazama kama amesahau ilikuwa ya nani.

"Jumapili ijayo usije, Hedley."

"Sawa, dada."

Alishachukua kofia, yuko mlangoni, aliposikia: "Ile inayofuata, uje."

Jumapili ile ya katikati Hedley alikula mkate jikoni kwake, amesimama.