Kurudi Kwenye Fungu la Mchanga

Sikurudi pwani kutalii. Mama Mwende alinituma. Binti yake alizama huko likizo ya Aprili, katika ziara ya vijana wa kanisa letu, na mimi ndiye niliyeipanga. Watu walikuwa wakimwambia kwamba mtoto alikaidi. "Nenda ukapaangalie vizuri," alisema, "halafu uje uniambie ukweli." Ukweli nilikuwa nao tayari. Nilipanda basi nikitumaini kupata mwingine huko.

Makindu, saa mbili asubuhi. Abiria walishuka kunywa chai. Nilifungua daftari la ile ziara: saa ya kuondoka, vyoo viko wapi, nani ataketi na nani. Nilikuwa nimeliandika upya mara nne ili lisiwe na neno lililokatwa. Saa za bahari kujaa na kupwa hazikuwamo.

Marafa, kesho yake. Korongo ni zuri kuliko nilivyokumbuka. Mvua imechonga udongo mwekundu, mweupe na wa waridi hadi ukasimama kama minara. Hapa Mwende alivua viatu akapigwa picha. Sikukaa.

Siku ya tatu, Watamu. Dama, mama anayewatembeza wageni kwenye mikoko, alinivusha maji yalipokupwa hadi kwenye lile fungu la mchanga tulilokuwa Aprili. Mchanga mweupe, mkavu, na bahari ya kijani mbele yetu.

"Usiangalie huko," alisema. "Angalia nyuma, tulikotoka."

Kati yetu na ufuko, mkondo ulikuwa unajaa. Hakukuwa na sauti yoyote. Tulipoingia kuvuka, maji ya kifundo yalikuwa yamefika magotini.

"Nyinyi mlikuwa mnangoja nini siku ile?" aliuliza Dama; nilikuwa nimemsimulia ajali.

"Ngurumo. Kwetu mto ni mchanga mtupu. Maji yakija unayasikia kutoka mbali, unapanda ukingoni."

Alicheka. "Watu wa bara! Bahari ikupigie honi?" Kisha akauona uso wangu, akanishika mkono. "Pole, mwanangu. Tembea."

Kathonzweni, Ijumaa jioni. Mama Mwende alikuwa anapepeta ndengu. Nilimweleza yote, mwishowe na lile nililolificha: tukiwa kwenye fungu, Mwende aliniuliza, "Na hii maji ikirudi?" Nikamjibu, "Tutaisikia." Sisi wengine tulivuka maji yakiwa kifuani. Yeye alikuwa mfupi.

Alimaliza ungo mzima, akauweka chini.

"Kwa hivyo hakukaidi."

"Hapana, mama. Alinitii."

"Haya. Mimi umeniambia. Bado wao wanaosema alikaidi."

Jumapili, kanisani, wakati wa matangazo. Nilikuwa nimeandaa kurasa tatu. Niliziacha kwenye benchi, nikasimama mbele.

"Marafa ni pazuri, nendeni," nilisema. "Watamu pia nendeni. Lakini kabla hamjakanyaga ule mchanga, waulizeni wenyeji maji yanarudi saa ngapi. Mwende aliuliza. Mimi ndiye niliyemjibu, na sikuwa najua."

Nikarudi kuketi.