Lenzi Haina Kioo

"Shemeji, umeniua, umenizika, na matanga yangu umeyala," alisema mdogo wa kike wa mke wa Bwana Lenzi, mikono kiunoni, mbele ya mashine. "Dunia nzima inajua nani kaiharibu, umebaki wewe tu."

"Mashine imezeeka," akajibu Bwana Lenzi.

Jina hilo alijipa mwenyewe, maana majirani wangempa jingine. Miaka nenda miaka rudi alikuwa mpiga picha, na kamera alizisafisha hivi: anazipulizia pumzi ya moto, anazungusha kidole gumba, anamalizia na flana. Simu zilipoiua studio, shemeji yake, mwendesha mashine hapa maabara, akamdhamini kwa mkuu. "Huyu anazijua lenzi," alisema, naye akaajiriwa kwa neno hilo moja.

Kumbe lenzi za mashine hii, inayorusha mwale wa chembe, hazina kioo. Ni pete tatu za chuma, ya kati imetiwa umeme mkali. Chembe zenye chaji zikipita katikati, umeme unazibana mpaka mwale unakuwa nukta. Bwana Lenzi alipoelezwa alicheka.

"Lenzi bila kioo? Hiyo ni harusi bila bibi harusi."

Basi, mjuzi wetu juzi akapewa pete azisafishe: avae glavu, atumie spiriti, asitie mkono. Akaziacha glavu mezani. Pumzi, kidole gumba, flana. Pete zikang'aa hata akayaona meno yake humo, akayapenda. Leo mashine imewashwa, na mahali pa nukta pana doa limetapakaa kama yai lililopasuka. Mafuta ya kidole yameshika chaji, yanazisukuma chembe kando.

"Ulivaa glavu?"

"Nimesafisha lenzi wewe hujaota meno."

"Nimeuliza glavu."

"Zile za mpira zinatoa jasho."

"Kwa hiyo hukuvaa."

"Mimi sijasema hivyo. Umesema wewe."

Mkuu alikwisha sema: aliyeharibu anaondoka kazini leo, na asipopatikana, anaondoka mdhamini. Viatu vya mkuu vilisikika vikipanda ngazi.

"Shemeji," mwanamke akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Wanangu wanakula kwa kazi hii. Utamwambia ni wewe, au niseme ni mimi?"

Bwana Lenzi akachukua koti lake kitini, akalikung'uta mabega kama anayekwenda kupokea zawadi, akatoka kwa mlango wa nyuma, viatu vya mkuu vikiwa bado ngazini.