Mafiga ya Elieth, ya kuonekana kutoka angani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua la Mkonze bado halijapata makali. Elieth Ndahani amechuchumaa shambani, ameshika ncha ya kamba ya katani. Ncha ya pili imefungwa kwenye kigingi, hatua thelathini kutoka alipo. Kamba inapokaza anaweka jiwe, anasogea, anaweka jingine.

"Usikanyage hapo mwandishi, utaniharibia duara," anasema bila kuinua kichwa.

Duara hilo ni la tatu. Likikamilika, yote matatu yakitazamwa kutoka juu yatakuwa mafiga ya kuinjikia chungu, ila kila figa lina upana wa karibu nusu ya urefu wa uwanja wa mpira.

Elieth (47) ni mchoraji wa mabango na kuta, mwenye kibanda mtaa wa Makole, mjini. Kazi hiyo ndiyo inayomlisha, ingawa imepungua tangu wateja wahamie kwenye mabango ya kuchapisha. Bango la saluni au duka humpa Sh30,000, na mwezi uliopita alipata matano tu. Mafiga hayamwingizii hata senti.

Yote yalianza mwaka 2019, alipopewa kazi ya kuchora sayari kwenye ukuta wa darasa. Mwalimu alimpa kitabu chenye picha ya Mirihi, ile sayari nyekundu.

"Nikamuuliza mwalimu, hapa mbona kama kwetu wakati wa kiangazi? Udongo mwekundu, mawe, vumbi. Akacheka. Mimi sikucheka, nilirudi nyumbani nawaza."

Aliwaza kwamba watu wakifika huko hawatakuwa na rangi, wala maji ya kuchezea. Watakuwa na mawe. Sasa watachora nini, ili aliye juu ajue kuwa chini kuna binadamu?

"Wengi wananiambia bendera. Bendera inasema hapa pana mwenyewe. Mafiga yanasema hapa panapikwa, shuka."

Akaamua kujaribu kwenye ekari tatu walizoachiwa na mama yao, yeye na mdogo wake Raphael. Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Raphael ni mkulima wa uwele, na siku moja alikuta malundo ya mawe katikati ya shamba.

"Nilimwambia, dada, sisi tunavunjika mgongo kutoa mawe, wewe unayarudisha?" anakumbuka Raphael.

Hawakusemezana miezi saba. Mtoto wa Raphael alipobatizwa, Elieth alikaa benchi la nyuma kanisani, akaondoka kabla ya chakula.

Kisha mvua ya Januari ikashuka na kusomba figa la kwanza lote hadi korongoni. Kazi ya miezi minne iliisha mchana mmoja.

"Nililia sana. Sikulia hivyo hata nilipoachika," anasema Elieth.

Aliyemfuata ni Raphael, na hakuja kumcheka. Alimtembeza shambani, akamwonyesha maji yanapoingilia na yanapotokea.

"Nikamwambia, dada, umeyaweka juujuu. Yachimbie, nusu yawe ardhini." Siku hiyohiyo alichukua sururu, wakaanza upya pamoja.

Msimu uliofuata mawe hayakutikisika. Maji yaliyozoea kukimbia yalituama nyuma yake, na uwele alioupanda Raphael ndani ya duara ukastawi. Pale alipozoea kupata magunia matano, alivuna tisa. Siku hizi ni yeye anayeleta mawe, kwa mkokoteni wa ng'ombe.

Mwezi uliopita Henry, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyepanga nyumba ya jirani, alikuja mbio na simu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuna nini?"

Ilikuwa picha ya Mkonze iliyopigwa na setilaiti. Kwa miaka miwili yeye na ndugu hao wawili walikuwa wakitazama picha za namna hiyo na kuona vichaka tu. Safari hii palikuwa na maduara mawili ya kijani.

Raphael alipiga kelele za furaha. Elieth aliikodolea macho picha hiyo, kisha akamrudishia Henry simu yake.

"Huo ni uwele," alisema. "Mawe yangu hayaonekani. Na Mirihi hakuna mvua."

Alikuwa sahihi. Picha ilipigwa Machi, uwele ukiwa umesongamana kandokando ya mawe. Mstari wa jiwe moja moja ni mwembamba mno kuonekana kutoka juu huko. Ndiyo maana duara la tatu analipanga kwa mistari minne, na anataka kulimaliza kabla ya mvua za Desemba.

Amepanga pia kuwaandikia tena wanaorusha vyombo angani. Barua ya kwanza haikujibiwa. "Nilijaza maneno mengi. Safari hii natanguliza mchoro."

Na wasipojibu tena?

"Nitaandika ya tatu. Mimi sitafika huko, hata Nairobi sijafika. Ila atakayefika nataka aweke mawe manne manne, asirudie kosa langu."